Jicho la Mkurugenzi na Jicho juu ya Mkurugenzi: Usimamizi wa Ukaguzi wa Ndani katika Halmashauri za Tanzania Bara

Tanzania Bara ina halmashauri 184 za majiji, manispaa, miji na wilaya, na kila moja hukusanya mapato yake, hupokea ruzuku kutoka Hazina, huajiri, hununua na kujenga kwa niaba ya wananchi wa eneo lake. Fedha zinazopita mikononi mwa halmashauri hizo hukaguliwa mara mbili: kwa nje, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye mamlaka yake yanatokana na Ibara ya 143 ya Katiba pamoja na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, na kwa ndani, na mkaguzi aliye mtumishi wa halmashauri yenyewe. Ukaguzi wa nje ndio unaosikika, kwa kuwa ripoti yake huwasilishwa Bungeni na kujadiliwa na vyombo vya habari kila Aprili, ilhali ukaguzi wa ndani huendelea mwaka mzima bila wananchi wengi kujua kwamba upo.

Uchambuzi huu unahusu ukaguzi huo wa ndani, na dai lake kuu ni kwamba udhaifu wake hautokani hasa na uhaba wa sheria, wala na uhaba wa wakaguzi peke yake, bali unatokana na mahali alipowekwa mkaguzi. Mkaguzi wa ndani anatakiwa awe jicho la Mkurugenzi, yaani msaidizi wa kumwonesha mkuu wa halmashauri mambo yanakokwenda mrama, na wakati huohuo awe jicho juu ya Mkurugenzi, yaani shahidi wa namna mkuu huyo anavyotumia madaraka yake. Kazi zote mbili ni halali na zote zinahitajika, lakini mwenye kuamua kinachofanyika baada ya jicho kuona ni Mkurugenzi huyohuyo, na maswali yote ya usimamizi, kuanzia mpango wa mwaka hadi ufuatiliaji wa mapendekezo, yanafungamana na ukweli huo mmoja.

Thamani ya ukaguzi wa ndani ni wakati

Ukaguzi wa ndani ni kazi huru ya kutathmini kama taasisi inavitambua vihatarishi vyake, yaani mambo yanayoweza kuizuia isifikie malengo yake, na kama mfumo wa udhibiti wa ndani unavimudu. Mfumo wa udhibiti wa ndani ni jumla ya taratibu zinazozuia makosa au kuyagundua mapema: anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayeyaandaa, anayepokea fedha asiwe ndiye anayelinganisha vitabu na taarifa ya benki, na bidhaa zisilipiwe kabla hazijapokelewa na kukaguliwa. Kuujenga mfumo huo na kuuendesha ni wajibu wa menejimenti. Wajibu wa mkaguzi ni kuupima na kueleza unapovuja.

Tofauti kubwa kati ya ukaguzi huu na ule wa CAG inaonekana katika kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, halmashauri huwasilisha hesabu zake za mwisho miezi 3 baadaye, na ripoti ya CAG hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi kabla ya kufikishwa Bungeni. Kwa hiyo malipo yenye kasoro yaliyofanyika Julai 2023 huonekana hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2025, takriban miezi 21 baadaye, pengine mtumishi aliyehusika akiwa amekwisha kuhamia mkoa mwingine na mkandarasi akiwa amekwisha kulipwa chote. Mkaguzi wa ndani, anayetoa taarifa kila robo mwaka, ndiye pekee anayeweza kuiona kasoro hiyo mlango wa kurekebisha ukiwa bado wazi. Ukaguzi wa ndani unaochelewa, au unaojibiwa kwa kuchelewa, unakuwa umepoteza sababu yake ya kuwepo, kwa kuwa unabaki kuwa nakala hafifu ya ukaguzi wa nje.

Msingi wa kisheria

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, na ziliporejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 zilirudi zikiwa na sheria yake ya fedha, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambayo sasa ni Sura ya 290. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinaitaka kila halmashauri iwe na mkaguzi wake wa ndani. Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009, ambayo ndiyo mwongozo wa kila siku wa mweka hazina na wakuu wa idara, inafafanua kazi za mkaguzi huyo, haki yake ya kuona kumbukumbu zote na wajibu wake wa kuandaa mpango na taarifa. Marekebisho ya Sheria ya Fedha za Umma yaliyofanyika mwaka 2010 yaliongeza ngazi nyingine kwa kuanzisha, chini ya wizara yenye dhamana ya fedha, nafasi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, ambaye huandaa miongozo, hujenga uwezo wa wakaguzi na kusimamia ubora wa kazi yao katika wizara, mikoa na halmashauri.

Taarifa ya mkaguzi wa halmashauri, kwa hiyo, ina wasomaji wengi. Inakwenda kwanza kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani mtumishi anayewajibika binafsi kwa fedha zote zilizoidhinishwa kwa taasisi yake; inajadiliwa katika Kamati ya Ukaguzi; inafika katika kamati ya madiwani inayoshughulikia fedha; na nakala zake zinatakiwa kufika kwenye ofisi za juu zinazosimamia fedha na utawala wa mikoa. Wingi huo unaonekana kama ulinzi, lakini kiutendaji unaweza kuzaa hali ambamo kila msomaji anadhani mwingine atachukua hatua, na taarifa iliyosambazwa kwa ofisi nyingi inakosa ofisi moja inayolazimika kuijibu.

Mkaguzi anawajibika kwa nani

Viwango vya kimataifa vya taaluma hii, ambavyo toleo lake jipya lenye kanuni 15 lilianza kutumika tarehe 9 Januari 2025, vinatenganisha uwajibikaji wa aina mbili. Kiutawala, mkaguzi huwa chini ya mtendaji mkuu kwa mambo kama likizo, ofisi na nidhamu ya kila siku. Kikazi, huwajibika kwa chombo kilicho juu ya mtendaji mkuu, ambacho huidhinisha mpango wake, bajeti yake, uteuzi wake na kuondolewa kwake. Katika kampuni chombo hicho ni bodi ya wakurugenzi. Katika halmashauri jibu si rahisi hivyo, kwa sababu vipo vyombo viwili vinavyoweza kudai nafasi hiyo na kila kimoja kina upungufu wake.

Chombo cha kwanza ni Baraza la Madiwani, ambalo ndilo lenye mamlaka ya juu ya halmashauri na ndilo linaloidhinisha bajeti. Hata hivyo, Mkurugenzi huteuliwa na Rais, si na Baraza, na Baraza haliwezi kumwondoa kwa uamuzi wake lenyewe. Wajibu wa Mkurugenzi unaelekea juu, kwa mamlaka iliyomteua na kwa wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kabla ya kuelekea pembeni kwa wawakilishi wa wananchi wa eneo lake. Zaidi ya hayo, Baraza huvunjwa kila baada ya miaka 5 kupisha uchaguzi mkuu, na katika kipindi hicho usimamizi wake hukatika. Na hata linapokuwa kazini, madiwani wengi hupata taarifa za ukaguzi zilizoandikwa kwa lugha ya kihasibu bila kupewa muda wa kuzisoma wala mtu wa kuwafafanulia.

Chombo cha pili ni Kamati ya Ukaguzi, ambayo kazi yake ni kupitia mpango na taarifa za mkaguzi, kuangalia utekelezaji wa mapendekezo na kumshauri Afisa Masuuli. Maneno ya mwisho katika sentensi hiyo ndiyo yenye tatizo. Kamati inayoteuliwa na Afisa Masuuli, inayokutana kwa ratiba na posho zinazotoka kwake, na inayomshauri yeye, inaweza kuwa na wajumbe waaminifu na wenye ujuzi, lakini haiwezi kuwa juu yake. Pale ambapo wakuu wa idara ndio wanaokaa katika kamati hiyo, wakaguliwa wanakuwa wamepewa nafasi ya kujadili kasoro zao wenyewe na kuamua uzito wake.

Kulinganisha na ulinzi wa CAG kunaonesha ukubwa wa pengo. Katiba inamlinda CAG asiondolewe kazini isipokuwa kwa utaratibu maalumu wa uchunguzi, wakati mkaguzi wa ndani wa halmashauri ni mtumishi wa kawaida anayeweza kuhamishwa kwa barua, anayetegemea gari la halmashauri ili kufika kijijini, na ambaye maombi yake ya mafuta na posho huidhinishwa na watu walewale anaokwenda kuwakagua. Mtu hahitaji kumtisha mkaguzi wa namna hiyo. Inatosha kumwambia kwamba fedha za robo hii bado hazijapatikana.

Mpango unaofuata vihatarishi

Kazi ya mwaka huanza na mpango wa ukaguzi, ambao kwa taaluma ya leo hujengwa juu ya vihatarishi. Maana yake ni kwamba mkaguzi haanzi kwa kugawa siku sawasawa kwa kila idara, bali huorodhesha shughuli zote zinazoweza kukaguliwa, huipa kila moja uzito kulingana na kiasi cha fedha, ugumu wake, historia ya makosa na mabadiliko ya hivi karibuni, kisha hutumia muda wake mwingi pale ambapo hasara inaweza kuwa kubwa. Katika halmashauri, maeneo manne yanastahili uzito wa kwanza.

Eneo la kwanza ni mapato ya ndani. Ushuru wa mazao, ada za masoko, minada na stendi hukusanywa na watu wengi waliotawanyika, kwa kutumia mashine za POS zilizounganishwa na mfumo wa mapato. Mashine hizo zimepunguza vitabu bandia vya stakabadhi, lakini hazijaondoa tatizo ambalo watumishi wa halmashauri huliita fedha mbichi, yaani makusanyo yanayotumika kabla ya kupelekwa benki. Mkaguzi anayeujua mfumo hatatosheka na jumla ya mwezi. Atalinganisha kila mashine na amana zake za benki siku kwa siku, ataangalia ni mashine zipi zilizimwa wakati wa mavuno, na atauliza kwa nini deni la mkusanyaji mmoja linazidi kukua huku akiendelea kukabidhiwa mashine.

Eneo la pili ni ujenzi unaofanywa kwa utaratibu wa force akaunti, ambamo halmashauri haimpi mkandarasi kazi nzima bali hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi, chini ya kamati za wananchi. Utaratibu huu ulitumika kwa upana katika mwaka wa fedha 2021/22, wakati mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulipogharamia mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, ambao ulijumuisha ujenzi wa madarasa 15,000 ndani ya miezi michache kabla ya shule kufunguliwa Januari 2022. Gharama huwa nafuu, lakini udhibiti unatawanyika: kila eneo la ujenzi linakuwa na ghala lake, manunuzi yake na malipo yake ya mafundi, huku kamati zikiwa na wajumbe ambao wengi wao hawajawahi kusoma makadirio ya vifaa. Kukagua kazi kama hiyo baada ya rangi kupakwa hakumwambii mkaguzi idadi ya mifuko ya saruji iliyoingia kwenye msingi, na ndiyo maana hapa ukaguzi unapaswa kufanyika kazi ikiendelea.

Eneo la tatu ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliyoongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yaliifanya asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwa haki ya makundi hayo, kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2. Ripoti za CAG zilibainisha kwa miaka mfululizo mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyopatikana mahali vilipodaiwa kuwepo, na mwaka 2023 Serikali ilisitisha utoaji wake hadi utaratibu mpya ulipoanza mwaka uliofuata. Kasoro ya aina hiyo haigunduliki mezani, kwa kuwa karatasi za kikundi hewa huwa kamili kuliko za kikundi halisi. Hugunduliwa kwa kwenda kuona mradi, kuongea na wanachama na kulinganisha majina ya kikundi kimoja na kingine.

Eneo la nne ni vituo vya kutolea huduma. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, na tangu fedha za afya zianze kupelekwa moja kwa moja katika zahanati na vituo vya afya, sehemu ya matumizi iliyokuwa ikifanywa makao makuu ya halmashauri sasa hufanywa na walimu wakuu na waganga wafawidhi wenye akaunti zao za benki. Uamuzi huo umezisogeza fedha karibu na wananchi, lakini umemfanya mkaguzi aliyekuwa na akaunti chache za kuangalia awe na mamia, na hakuna kitengo kitakachozifikia zote kwa mwaka. Hapo ndipo mpango wa vihatarishi unapokuwa lazima, kwa sababu sampuli isiyo na sababu ni kubahatisha.

Kazi zinazomla mkaguzi

Mpango mzuri huvunjwa mara nyingi na kazi mbili zinazoonekana kuwa za ukaguzi na ambazo kwa kweli si zake. Ya kwanza ni ukaguzi wa awali wa hati za malipo, ambao ni kupitia kila hati kabla ya kulipwa ili kuona kama viambatisho vimekamilika. Ni udhibiti muhimu, lakini ni wa idara ya fedha. Mkaguzi wa ndani anapoweka sahihi yake katika mlolongo wa malipo, anakuwa sehemu ya uamuzi ambao baadaye atatakiwa kuukosoa, na mweka hazina anapata kinga ya kusema kwamba malipo yalipita kwa mkaguzi.

Kazi ya pili ni kuandaa majibu ya hoja za CAG. Halmashauri hupimwa hadharani kwa aina ya hati, yaani maoni ya CAG kuhusu hesabu zake: hati inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, au kushindwa kutoa maoni. Kwa kuwa sifa ya Mkurugenzi inafungamana na hati hiyo, mkaguzi wa ndani hugeuzwa kuwa mratibu wa kutafuta vielelezo na kuandika utetezi mbele ya CAG na mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC). Ikumbukwe kwamba hati inayoridhisha husema tu kuwa hesabu zimeonesha hali halisi kwa kufuata viwango vya uhasibu. Halmashauri inaweza kuipata huku ikiwa imenunua vitu kwa bei ya kuruka, mradi bei hiyo imeandikwa sawasawa vitabuni. Mkaguzi anayetumia miezi kuilinda hati anaacha bila ulinzi yale ambayo hati haiyapimi.

Mifumo ya kielektroniki imebadilisha pia sura ya kazi. Malipo sasa yanapita katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE), na ununuzi katika mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Kwa mkaguzi aliyezoea majalada, hili linaweza kuwa giza. Kwa aliyefundishwa kuchambua data, ni fursa ya kupitia miamala yote badala ya sampuli, kutafuta malipo yaliyojirudia, zabuni zilizogawanywa ili zibaki chini ya ukomo wa idhini, na haki za kuingia mfumoni ambazo zimeachwa mikononi mwa waliokwisha hama. Sharti la fursa hiyo ni kwamba mkaguzi apewe haki ya kusoma mifumo hiyo yeye mwenyewe, kwa kuwa anayesubiri ripoti aliyochapishiwa na mkaguliwa anakagua kile alichochaguliwa kuona.

Safari ya hoja

Kiini cha usimamizi wa ukaguzi kimo katika kile kinachotokea baada ya hoja kuandikwa. Hoja iliyokamilika hueleza kilichotakiwa, kilichokutwa, sababu ya tofauti, athari yake na pendekezo la kuirekebisha, na menejimenti hupewa nafasi ya kujibu kabla taarifa haijakamilishwa. Udhaifu mkubwa huanzia kwenye majibu. Jibu linalosema kwamba ushauri umezingatiwa halina mtu, halina tarehe wala ushahidi, na hoja iliyojibiwa hivyo hurudi mwaka unaofuata ikiwa na namba mpya. Rejista ya hoja inayotaja mtumishi anayehusika, tarehe ya ukomo na kielelezo kitakachothibitisha kufungwa kwa hoja ni chombo kisicho na gharama, na ndicho kinachotofautisha halmashauri inayosimamia ukaguzi na ile inayopokea taarifa.

Kutokana na yaliyoelezwa, marekebisho yanayohitajika hayalazimiki kumtoa mkaguzi ndani ya halmashauri. Mkaguzi aliyehamishiwa mbali atapata uhuru na kupoteza ukaribu, na ukaribu ndio unaomwezesha kuona mapema. Kinachotakiwa ni kumwondolea Mkurugenzi jambo moja tu, nalo ni uwezo wa kunyamaza. Hilo linawezekana kwa hatua tatu: fungu la bajeti la kitengo cha ukaguzi litengwe na matumizi yake yasitegemee idhini ya idara zinazokaguliwa, mwenyekiti na wajumbe walio wengi wa Kamati ya Ukaguzi watoke nje ya menejimenti, na hoja isiyojibiwa kwa kielelezo ndani ya muda uliowekwa ipande yenyewe hadi kwa madiwani na kwa Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, bila mkaguzi kulazimika kuchagua kati ya kusema na kulinda kazi yake.

Mafanikio ya hatua hizo yanaweza kupimwa bila kuongeza chombo kingine. Kila ripoti ya CAG inapotoka, hoja zake kwa halmashauri husika zilinganishwe na taarifa nne za robo mwaka za mkaguzi wa ndani za mwaka uleule wa fedha. Hoja ambayo haimo katika taarifa hizo inaelekeza lawama kwenye mpango, ujuzi au rasilimali za kitengo cha ukaguzi. Hoja iliyomo na ambayo ilipuuzwa inaelekeza lawama kwa Afisa Masuuli, na inamwondolea udhuru wa kutojua. Hoja zilizoandikwa na mkaguzi wa ndani zikarekebishwa kabla CAG hajafika hazitaonekana katika ripoti yoyote ya Aprili, na kwa sababu hiyo zinapaswa kuhesabiwa na kutangazwa na halmashauri yenyewe pamoja na hati yake, maana ndizo pekee zinazothibitisha kwamba fedha za wananchi ziliokolewa badala ya kuandikiwa tu maelezo.